Kovu la Upande wa Kushoto

Wiki iliyopita mliniacha nimesimama mbele ya Mwalimu Risasi, mikono imejaa rangi na kichwa kitupu. Kwa aliyechelewa kujiunga nasi: mimi ni mwanafunzi wa sanaa, mwaka wa mwisho, na kazi yangu ya kumalizia masomo ni kuchora juu ya mwili wa mtu aliye hai. Wazo langu la kwanza lilikataliwa. La pili lilimtoa rafiki yangu Twiga vipele mgongo mzima. La tatu hata mimi mwenyewe nililionea aibu.

Mwalimu Risasi tulimpachika jina hilo kwa sababu penseli haimtoki sikioni, na akiamua kukuponda hakosi. Alinipa siku kumi.

"Unachora mapambo," aliniambia. "Mwili si ukuta wa saluni. Niletee kitu kinachokuuma."

Kinachoniuma ninacho. Ninacho mwaka wa pili huu.

Dada yangu alikuwa ndani ya basi lililotumbukia mtoni. Hilo nimeshalisimulia hapa. Nisilolisimulia, na ndilo lililonifanya nianze kuandika visa hivi gazetini, ni jibu nililolitoa chumba cha maiti siku ya nne. Kuna msomaji aliniandikia barua akasema, "Dada, kuna kitu unatuficha." Nilimkasirikia siku mbili nzima. Alikuwa amesema kweli.

Leo nakitoa.

Wazo lilinijia nikiosha brashi. Mtu akifa nguo zake zinabaki, picha zake zinabaki, hata harufu yake inakaa kabatini miezi. Kovu lake tu ndilo linaloondoka naye. Nikajiuliza, je, nikilirudisha? Nikichukua makovu ya waliokufa nikayaweka juu ya miili ya watu wanaopumua, wakatembea nayo ukumbini?

Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho. Akaitoa penseli sikioni, kitu ambacho hatukuwahi kumwona akikifanya mbele ya mwanafunzi.

"Utaanza na kovu la nani?"

"La dada yangu."

Hakuuliza lingine. Aliandika jina la kazi yangu kwenye orodha ya maonyesho, mbele yangu, kwa wino.

Nilikuwa na mahali pa kuanzia. Dada alipotoka hospitali, alipokatwa kidole tumbo, mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano na tulilala chumba kimoja. Kila asubuhi alikuwa akisimama mbele ya kabati lenye kioo, anapandisha blauzi, anaukagua mshono wake. Alikuwa na haya ya ajabu, hageuki ng'o. Mimi nilikuwa nakaa kitandani nyuma yake na daftari langu, nachora nilichokiona. Michoro ile ninayo hadi leo, kurasa tisa, kovu linavyopona siku hadi siku.

Kovu halichorwi kwa brashi peke yake. Unapaka gundi ya ngozi, unaivuta kwa kijiti mpaka ijikunje, unasubiri ikauke, ndipo unatia rangi: waridi iliyopauka katikati, hudhurungi pembeni. Twiga alijitolea tena, licha ya vipele. Nilimlaza juu ya meza ya karakana Jumamosi mchana, tumbo wazi, daftari langu likiwa limefunguliwa kwenye kiti.

Nikamwalika mama aje kuona.

Ilibidi aone kabla ya watu wengine. Tena mama alikuwa ameanza kurudi. Mwezi uliotangulia alikuwa amezitoa nguo za dada kabatini, akazigawa kwa majirani bila kulia. Alikuwa ameanza kula akiwa ameketi. Mama ni mshonaji, na cherehani yake iliyokuwa imenyamaza miezi mingi ilikuwa inasikika tena mtaani kwetu.

"Shikamoo, mama," Twiga alisema akiwa amelala hivyo hivyo.

"Marahaba. Wewe mtoto, huku hawakulishi? Mbavu zote hizi."

"Nafunga kwa ajili ya sanaa, mama."

"Usicheke," nikamwambia Twiga. "Gundi haijakauka."

Mama alivaa miwani yake ya kushonea, akainama.  Kisha akanyoosha kidole, kile chenye alama za sindano, akaligusa lile kovu kutoka juu hadi chini, polepole, kama anayepima pindo.

"Umelipatia," alisema. Sauti ilikuwa imebadilika. "Mpaka ule mkunjo wa juu. Ila umeliweka upande usio wake."

"Upande gani, mama?"

"Lilikuwa kulia. Hapa umeliweka kushoto."

"Kushoto, mama. Nimelichora mwenyewe."

"Mwanangu, nimeliosha kwa maji ya chumvi wiki tatu. Nitasahau?"

Twiga aliinua kichwa. "Kidole tumbo kiko kulia kwa watu, wewe. Hata mimi niliyefeli baiolojia nalijua hilo."

Wakacheka wote wawili. Na mimi nilicheka. Nilijisikia nikicheka, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

"Nitalihamisha," nikasema.

Mama hakuondoa mkono. Alianza kuongea bila kututazama.

"Unajua hajawahi kunijia ndotoni? Bibi yako amenijia. Baba yenu hunijia mpaka namchoka. Yeye hajaja hata mara moja, mwaka wa pili huu. Na kule kaburini, nikikaa, najiona kama nimebisha hodi nyumba ya watu."

"Ni majonzi tu, mama."

"Labda." Alivua miwani, akaifuta. "Lakini leo nimemwona. Asante, mwanangu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Twiga alidhani ninalia kwa sababu ya dada. Alipokwisha kumsindikiza mama mlangoni alilibandua lile kovu la gundi, zima zima, akaniwekea kiganjani. Lilikuwa bado na joto la tumbo lake.

Sasa nisikilizeni.

Siku ile ya nne, maiti zote zilizotolewa mtoni zilikuwa zimekaa majini siku tatu na zaidi. Nyuso hazikuwa nyuso tena. Maji yalikuwa yamechukua viatu, hereni, nguo. Mama alizimia getini, wakamkalisha kwenye benchi nje, nikaingia peke yangu. Mhudumu wa pale, mzee mmoja mwenye funguo nyingi kiunoni, aliniuliza kwa upole kabisa.

"Ana alama yoyote mwilini, binti?"

"Kovu la operesheni. Tumboni, huku chini."

"Upande gani?"

"Kushoto."

Ndivyo nilivyosema. Sikufikiri, nililiona kovu kichwani mwangu kama lilivyo daftarini na nikalitaja. Mzee akapekua daftari lake, akanipeleka moja kwa moja meza nambari nne, akafunua shuka pale tumboni tu. Kovu lilikuwepo. Kushoto, chini, pale pale. Kimo ni cha dada, nywele zimesukwa kama za dada.

Nikasema ndiye. Nikatia sahihi. Jeneza likafungwa na halikufunguliwa tena, na mama hakuona kitu.

Jumapili asubuhi mama alikwenda makaburini, kama afanyavyo kila Jumapili, na ndoo yake ndogo ya kumwagilia maua. Nilibaki nyumbani. Niliingia chumbani kwetu, nikafunga mlango kwa ufunguo. Nikasimama mbele ya kabati lile lile.

Nilipaka gundi kidogo upande wangu wa kulia, mahali mama alipopataja. Nikalibandika kovu, nikalilaza kwa mteremko wake. Nikapandisha blauzi, nikainua macho kwenye kioo. Kisha nikalishika daftari pembeni ya uso wangu, likiwa wazi kwenye ukurasa wa tisa.

Vilikuwa kitu kimoja. Mstari kwa mstari.

Siku zote zile sikuwa nimemchora dada. Nilikuwa nimekichora kioo. Aliyesimama mle ndani ana kovu kushoto, na mwenye mwili analo kulia. Darasa la kwanza kabisa la kujichora tulifundishwa jambo hilo, mwalimu akatuonya, tukaandika. Mimi nilipata alama za juu siku ile.

Tunafanana na dada, watu wote husema. Nilipotazama tena kioo nikiwa na kovu lake tumboni, nilimwona yeye, amesimama ananitazama, kama mtu aliyesubiri kwa muda mrefu nimalize kuhesabu kwenye mchezo wa kujificha. Nililibandua lile kovu kwa kucha mpaka ngozi ikachubuka.

Mama alirudi saa tano na ndoo tupu. "Maua yameshika," aliniambia. "Yale mekundu." Nikamwitikia kwamba ni vizuri.

Nani tuliyempandia maua, sikujua. Na dada yuko wapi, sikujua.

Jumatatu asubuhi nilimwambia mama nawahi darasa, nikaenda chumba cha maiti.

Mzee wa Funguo alikuwepo bado, amezeeka kidogo, funguo zimeongezeka. Nilimwonyesha kitambulisho cha chuo na daftari langu la kuchorea. Nilimwambia nafanya kazi ya shule kuhusu makovu, nahitaji kuona namna yanavyoandikwa kwenye kumbukumbu. Uongo mtupu, lakini ulitoka umepigwa pasi.

"Basi lile la mtoni," nikasema. "Kwa mfano."

Alilitoa daftari kwenye kabati la chuma, akalifungua mbele yangu, kidole chake kikishuka ukurasani.

"Nambari nne. Mwanamke. Kovu la operesheni, tumbo, kushoto. Alitambuliwa na mdogo wake." Akatua. Aliitazama sahihi, akanitazama mimi. 

"Kulikuwa na mwenye kovu kulia?"

Alisoma ukurasa wote, kisha wa pili, midomo ikicheza. Akazisoma tena kutoka mwanzo.

"Hakuwepo."

"Wote mlioletewa?"

"Wote niliwaosha mimi, binti. Hakuwepo wa kulia."

Nilishika meza. "Na waliokosekana? Wale ambao mto haukuwatoa?"

"Mmoja tu. Mwanamke. Jina liko kwenye orodha ya abiria, mwili haukuonekana." Aliteremsha sauti. "Mumewe ni fundi seremala; alifika miili yote imeshachukuliwa, hakuna aliyemuuliza alama. Kila Jumatatu hupita hapa kabla ya kwenda karakana, kuuliza kama kuna lolote. Nilimwambia asijisumbue, haachi. Yuko hapo nje kwenye benchi sasa hivi, ananisubiri nifungue dirisha."

Nilifungua mdomo. Mzee aliinua kiganja, akanizuia.

"Ngoja kwanza. Ukiniambia neno hapa, itanibidi niliandike, na likiandikwa kaburi linafukuliwa. Usiponiambia, mimi nimekuonyesha daftari kwa kazi ya shule. Nenda kapate hewa, ufikirie."

Nikatoka.

Alikuwa amekaa mwisho wa benchi, lile lile alilokalishwa mama, mtu wa makamo mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Alisogea kunipa nafasi japo nafasi ilikuwepo tele.

"Pole," alisema.

"Asante, kaka."

"Umempoteza nani?"

"Dada. Kwenye basi la mtoni." Nilitaka kuishia hapo, lakini ulimi uliendelea wenyewe. "Sisi tulimpata."

"Mna bahati." Alisema bila wivu, kama anayemwambia mtu kwamba nyumba yake imejengwa vizuri. "Mimi mke wangu hawajampata. Watu wananiambia nioe, niendelee na maisha. Nitaendeleaje? Nikiweka sahani mezani nasikiliza mlango."

Nilitazama dirisha la mzee, bado lilikuwa limefungwa.

"Wakati mwingine nafikiri labda kuna watu walimchukua kwa makosa," akaendelea. "Siku zile kila mtu alikuwa amechanganyikiwa. Kama ni hivyo, sina kesi nao. Kabisa. Nataka tu wanionyeshe mahali, niwe naenda kukaa."

Mahali ninapajua. Ni safu ya tatu, maua mekundu, yameshika. Nikimwambia, yeye anapata pa kukaa. Mama anapoteza pake. Na atakachopata mama badala yake ni mto, na mlango wa kusikiliza kila anapoweka sahani, pengine mpaka anakufa. Mama aliyeanza juzi tu kula ameketi. Nililipima jambo hilo pale kwenye benchi na nawaambieni wazi, nilichagua kunyamaza. Nilishika daftari langu niondoke.

"Unachora?" aliuliza.

"Ndiyo. Ni mwanafunzi."

"Unachora nini?"

Ningesema maua. Ningesema ndege. "Makovu," nikasema. "Ya watu waliokwisha kuondoka."

Aligeuka mzima mzima kunitazama.

"Mke wangu alikuwa nalo moja, la operesheni ya ngiri. Picha zake ninazo nyingi, amevaa, anatabasamu. Lakini nani anapiga picha kovu?" Alijifuta mikono kwenye suruali. "Nichoree, dada yangu. Nitakuelekeza. Nimeanza kulisahau, na hilo linanitisha kuliko yote."

Nikatae vipi? Nilifungua ukurasa mweupe.

Alielekeza kama fundi. Urefu wake ni kutoka hapa hadi kifundo cha pili cha kidole hiki. Linaanzia karibu na mfupa wa nyonga, upande wa kushoto, linateremka hivi, halikunyooka sana. Juu jembamba, chini limepanuka. Mkono wangu ulikuwa unamfuata. Halafu ukawa hauko nyuma yake tena. Nilitazama vumbi la mbao kwenye vidole vyake, nikasikiliza sauti yake, na penseli ikaendelea peke yake.

Hapa ndipo ninapowaambia nilichowaficha tangu kisa cha kwanza.

Meza nambari nne, kando ya kovu lile, kulikuwa na kidonda kidogo kilichokwisha kupona, kitundu kama cha kitufe, mahali daktari alipopitisha mpira wa kutoa usaha. Dada hakuwa nacho. Nimemchora kurasa tisa, ningejua. Nilikiona siku ile ile, shuka ilipofunuliwa. Nilikiona vizuri sana. Nikamkumbuka mama pale nje, siku ya nne hajatia kitu mdomoni, nikajiambia maji hufanya mambo mengi kwenye ngozi. Kisha nikasema ndiye.

Kwa hiyo habari ya kioo ni kweli, lakini si kweli yote. Kioo kilinikosesha upande. Kusema ndiye nilisema mimi.

Fundi alikuwa amenyamaza. Nilidhani anatafuta neno. Nilipotazama chini niliona penseli yangu imefika kando ya kovu na imeshachora kitu kidogo cha mviringo, na ilikuwa inakitia kivuli ndani, taratibu, ili kionekane kimebonyea.

Aliweka kidole chake chenye vumbi juu ya karatasi, pembeni ya pale penseli iliposimama.

"Hiki," alisema, "sijakwambia."